Kwa nini Yesu alijiita Mwana wa Adamu?

Swali, kutoka Masasi: Shikamooni. Jirani yangu Mwislamu aliniuliza barazani: ikiwa sote ni wanadamu, Yesu alipojiita "Mwana wa Adamu" alisema jambo gani la pekee? Nilikosa jibu.

Jibu, kutoka Lindi: Marahaba. Swali lake ni zuri, kwani hata nabii Ezekieli anaitwa mwanadamu, yaani kiumbe dhaifu tu. Lakini katika Danieli 7:13-14 mmoja mfano wa mwanadamu anakuja na mawingu na kupewa mamlaka ya milele, na maneno hayo ndiyo Yesu aliyoyarejea mbele ya kuhani mkuu, akahesabiwa kuwa amekufuru (Marko 14:62-64).

Jibu, kutoka Newala: Naongeza Marko 10:45, ambapo mwenye mamlaka hayo anasema hakuja kutumikiwa bali kutumika.

Mwulizaji: Ahsanteni. Barazani nitaanzia kwa Danieli.