Reema Lagoo: alionewa, au ndiyo riziki yake?

Mtaa wa Pili (mwanzisha mada)

Ijumaa usiku nimeirudia Vaastav, picha la Kihindi la 1999 lililoongozwa na Mahesh Manjrekar. Kwa ambaye hajaliona: Sanjay Dutt ni kijana wa familia ya hali ya chini Mumbai, anaua mtu kwa ugomvi, anaishia kuwa jambazi mkubwa. Mwishoni akili imemruka, na mama yake, anayechezwa na mwigizaji Reema Lagoo, anachukua bastola na kummaliza kwa mkono wake mwenyewe ili apumzike. Nililia kama mara ya kwanza. Kisha nikafanya kosa la kutafuta tarehe za kuzaliwa.

Reema: 21 Juni 1958. Sanjay: 29 Julai 1959. Mama kamzidi mwanawe miezi kumi na tatu!

Nikaendelea kuchimba. 1988, Qayamat Se Qayamat Tak, ni mama wa Juhi Chawla, yeye mwenyewe hajatimiza hata miaka 31. 1989, Maine Pyar Kiya, ile ya njiwa, ni mama wa Salman Khan aliyezaliwa 1965. Hum Aapke Hain Koun, 1994, mama wa Madhuri Dixit. Kuch Kuch Hota Hai, 1998, mama wa Kajol. Mwanamke mzuri, ana sauti, ana macho yanayosema, anakabidhiwa sari na sahani ya chakula miaka yote hiyo. Tuzo za Filmfare, zile kubwa za sinema za Kihindi, aliteuliwa mara nne kama mwigizaji msaidizi, hakupewa hata moja.

Mimi nasema alionewa. Anayebisha aje.

Mzee wa Mikanda

Nabisha. Sisi tuliokuwa tunakodi mikanda ya VHS tulikuwa tunaangalia kwanza kama staringi ni nani, halafu adui ni nani, na baada ya Maine Pyar Kiya tukaanza kuuliza na mama ni nani. Kabla yake mama wa picha la Kihindi ni mjane, kikohozi hakimwishi, cherehani pembeni. Reema alikuja na mama anayecheka na mwanawe, anayejua siri ya mapenzi yake na kuitunza. Wangapi mnawakumbuka kwa majina katika waliocheza vimwana wa 1989? Huyu mnamkumbuka. Kuonewa gani huko.

Mtaa wa Pili

Mzee wangu, kukumbukwa na kutendewa haki ni vitu viwili.

BintiMakadara

Miezi kumi na tatu mnashangaa? Mother India ya 1957: Nargis, aliyecheza mama, kazaliwa 1 Juni 1929. Sunil Dutt, mwanawe katika picha, kazaliwa 6 Juni 1929. SIKU TANO. Na mwaka uliofuata wakaoana.

Sasa mtoto wao ni nani? Sanjay Dutt, huyo huyo. Nargis anampiga risasi mwanawe kwenye Mother India. Miaka 42 baadaye Reema anampiga risasi mtoto wa Nargis kwenye Vaastav. Manjrekar alijua anachofanya.

Na Rakhee je? 1976 alikuwa mpenzi wa Amitabh Bachchan katika Kabhi Kabhie. 1982, Shakti, ni mama yake. Amitabh kamzidi Rakhee miaka mitano!

Mwembetanga

Binti umeharibu usingizi wangu.

Karafuu Muscat

Niseme kidogo, maana hapa ninapofanya kazi yupo mama mmoja wa Pune, mji wa India karibu na Mumbai, lugha yake Kimarathi. Nilimsomea mada hii wakati wa chai, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kwa ufupi aliniambia nyinyi mnamjua Reema nusu, tena nusu ndogo.

Reema ni mtoto wa jukwaa. Mama yake, Mandakini Bhadbhade, alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Jina la kuzaliwa ni Nayan. Hilo la Reema Lagoo alilichukua alipoolewa na Vivek Lagoo, naye mwigizaji. Na jukwaa la Kimarathi si mchezo wa shuleni. Watu wanahesabu mwanzo wake 1843, mji wa Sangli, na hadi leo mtu wa kawaida Mumbai anakata tiketi Jumapili kwenda ukumbi wa Shivaji Mandir, mtaa wa Dadar, kama kwetu anavyokwenda mpirani. Kengele inalia mara tatu, ya tatu pazia linafunguka, na ukikosea mstari hakuna kurudia.

Huko Reema alicheza Purush, tamthilia ya Jaywant Dalvi, mkabala na mwigizaji Nana Patekar. Yeye ni mwalimu, Nana ni mwanasiasa anayembaka. Sheria inamwangusha, na mwishoni mwalimu analipiza mwenyewe, kwa namna ambayo sitaiandika hapa kuna watoto. Huyo ndiye mnayemwonea huruma kwa sababu ya sahani ya chakula?

Yule mama anasema sinema za Kihindi za Bombay (ndiyo Mumbai) zilikuwa mshahara, jukwaa ndiyo kazi.

Mhasibu wa Ilala

Mshahara kwa maana halisi alikuwa nao kwingine. Alikuwa mfanyakazi wa Union Bank of India, Mumbai, miaka kadhaa, asubuhi benki jioni jukwaani. Mtu mwenye ajira benki anaweza kusema hapana. Kama alisema ndiyo kwa akina mama, tumheshimu kwamba alipiga hesabu zake. Kimwana wa picha za Kihindi alikuwa na miaka minane, kumi, halafu kwaheri. Reema alikuwa kazini mpaka siku za mwisho, alikuwa anarekodi tamthilia ya televisheni ya Naamkarann alipofariki kwa moyo, 18 Mei 2017, miaka 58.

BintiMakadara

Kaka Mhasibu, hesabu yako ndiyo inayoniudhi. Kwa nini mwanamke achague kati ya miaka minane ya kuwa kimwana na thelathini ya kuwa mama? Salman hakupewa karatasi hiyo asaini.

Nyota ya Kisauni

Mnasahau televisheni! Tu Tu Main Main jamani, miaka ya tisini, yeye mavyaa na Supriya Pilgaonkar mkaza mwana, nyumba haipoi. Supriya kamsuta kwenye chai, Reema anamsubiri kwenye chumvi. Bibi yangu alikuwa haelewi neno la Kihindi na alikuwa upande wa mavyaa kila siku. Pale alikuwa na tisini na tano kwa mia ya maneno ya kuchekesha. Na Naamkarann alicheza bibi katili, Dayavanti, si mama wa kubembeleza hata kidogo. Kwa hiyo aliyembana si umri, ni sinema peke yake.

Mzee wa Mikanda

Na wanaume? Anupam Kher katika Saaransh, 1984, alikuwa kijana hajafika thelathini akacheza mzee mstaafu aliyefiwa na mwanawe. Mkewe alikuwa Rohini Hattangadi, mwingine wa jukwaa, mtu wa Pune, naye mbichi vilevile. Hakuna aliyelalamika.

Karafuu Muscat

Mzee, mfano wako unakugeuka. Saaransh hadithi ni ya yule mzee. Mother India hadithi ni ya Nargis, ndiyo maana siku tano hazituumi. Ila Rohini, aliyekwishapata BAFTA, tuzo ya sinema ya Uingereza, kwa kucheza Kasturba, mke wa Gandhi, katika picha la Gandhi, 1990 katika Agneepath ni mama wa Amitabh, mtu aliyemzidi umri kwa miaka. Hadithi ya nani? Ya Amitabh. Mvi za kupaka si tatizo. Nani anabeba picha?

Mwembetanga

Basi Vaastav nani anabeba? Mimi naona dakika kumi za mwisho ni za Reema peke yake.

Mtaa wa Pili

Dakika kumi kati ya zaidi ya saa mbili, Mwembetanga.

Karafuu kanisogeza, nakubali. Purush sikuijua. Neno "alionewa" nalifuta. Mtu aliyesimama na Nana Patekar jukwaani haonewi kirahisi. Nabaki na "alipunjwa". Mwaka aliofariki, Salman, mwanawe wa Maine Pyar Kiya, alikuwa na miaka 51 na bado staringi. Desemba ile akatoka na Tiger Zinda Hai, kimwana ni Katrina Kaif wa 1983. Mama kazikwa kwenye sifa za umama, mwana bado anapigana na maadui.

Nyota ya Kisauni

Hakuzikwa, Mhindu huyo, alichomwa. Lakini nimekuelewa. Mwenye Tu Tu Main Main yenye picha safi aniambie, bibi anauliza.