Matofali ya kufungamana au ya kuchoma kwa nyumba ya vyumba vitatu Kilosa?

Mwalimu wa Kilosa

Ndugu zangu, nimepata kiwanja kidogo nje kidogo ya mji wa Kilosa, chenye udongo mwekundu unaonata mvua ikinyesha, na ninakusudia kujenga nyumba ya vyumba vitatu kwa awamu. Fundi wangu, ambaye ninamheshimu sana kwa kazi yake, anashikilia kwamba nichome matofali kama walivyofanya majirani wote, kwa kuwa haya ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, kwa maneno yake, ni udongo uliovishwa suti. Mimi ninasita, kwa sababu tanuri la mwisho lililowashwa mtaani kwetu lilimaliza miembe miwili mikubwa, na sasa hata kuni za kupikia tunazifuata mbali. Je, matofali haya yanahimili mvua? Na udongo wangu unafaa, au nitalazimika kununua kifusi?

Fundi Sanifu

Mwalimu, udongo haujulikani kwa rangi, unajulikana kwa kupimwa, na kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Mwambie seremala akuundie kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4, kisha ukipake mafuta kwa ndani. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na mboji, chimba ule wa chini, uchekeche, uloweshe hadi ushikane, uujaze na kuushindilia humo, halafu uuache kivulini siku saba, au juani siku tatu. Ukikauka utasinyaa na kupasuka. Usukume vipande vyote upande mmoja na upime nafasi iliyobaki. Ikiwa haifiki milimita 12, ndoo 1 ya saruji itatosha ndoo 18 za udongo. Kati ya 12 na 24, changanya 1 kwa 16. Kati ya 24 na 36, 1 kwa 14. Na kati ya 36 na 48, 1 kwa 12. Ukizidi hapo, udongo una mfinyanzi mwingi mno, kwa hiyo uongeze mchanga na upime upya.

Siku ya kufyatua, angalia maji kuliko kitu kingine. Finyanga donge la mchanganyiko, liachie lianguke kutoka usawa wa kifua: likisambaratika kuwa vumbi, maji ni machache, likibaki zima, yamezidi, likivunjika vipande vinne au vitano, endelea. Matofali mapya yafunikwe kwa turubai au nailoni na kunyunyiziwa maji kwa siku saba bila kukosa, kisha yaachwe hadi siku 28 zitimie ndipo yajengewe. Wengi wanaolalamika kwamba matofali haya yanamomonyoka waliyaanika juani siku ileile, kama wanavyozoea kuanika yale mabichi ya kuchoma.

Mama Mjenzi, Mvomero

Mimi ninaishi ndani ya nyumba ya matofali hayo kwa mwaka wa sita sasa. Mashine yetu ya mkono ilitoa matofali 80 hivi kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50, na kwa kuwa tofali moja lina urefu wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 10, ukuta wa mita moja ya mraba unakula matofali 33. Udongo tuliupata kwenye shimo la choo, kwa hiyo hatukulipia lori hata moja.

Nilikosea jambo moja, nalo limenigharimu. Ili kuokoa fedha, tulipunguza kimo cha msingi na kukata bati karibu sana na ukuta, na upande wa kusi, ambako mvua inapiga kwa mshazari, kozi tatu za chini, yaani mistari mitatu ya matofali, zimeliwa kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Pande nyingine tatu ziko kama siku ya kwanza. Inua msingi, Mwalimu, na utoe paa nje ya kutosha.

Mkadiriaji

Ningependa tuwe wakweli kuhusu sifa hii ya kutunza mazingira. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa hadi nyuzijoto zipatazo 1,450 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hutoka katika jiwe lenyewe, mbali na ile ya moto. Nafuu ya matofali ya kufungamana inatokana na kutochoma kuni, kutotumia mota kati ya kozi isipokuwa ile ya kwanza, na kuacha ukuta bila ripu. Sasa, mtu akijenga hivyo kisha akapiga ripu ya saruji ndani na nje kwa kuogopa maneno ya majirani, amerudisha mifuko yote aliyoiokoa. Tena si haki kuyahukumu yote ya kuchoma kwa pamoja, maana wapo wanaochoma kwa pumba za mpunga, na mkoa wetu hauna uhaba wa pumba.

Kuhusu suti ya udongo, fundi aelezwe habari za shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, aliyoisanifu Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001: kuta zake ni za matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo, chini ya paa la bati lililoinuliwa na kutokeza mbali nje ya ukuta. Ni somo lilelile la Mama Mjenzi.

Mwalimu wa Kilosa

Nawashukuru. Kisanduku kilikaa kivulini siku saba, na leo asubuhi nimepima nafasi ya milimita 21 mbele ya fundi, ambaye aliichukua rula akapima tena mwenyewe. Amekubali kujenga, kwa sharti kwamba kozi ya kwanza aipange yeye kwa pimamaji wala si vijana wake. Je, tuanze kufyatua sasa, au tusubiri masika ipite?

Fundi Sanifu

Kwa milimita 21, tumia 1 kwa 16, na fundi wako ana haki kabisa kuhusu kozi ya kwanza, kwa sababu kasoro yake hupanda hadi kwenye lenta na hakuna mota ya kuificha. Subirini masika ipite, kwani udongo uliolowa haupiti kwenye chekeche. Lakini shimo la choo mnaweza kulianza sasa, na udongo wake mkauhifadhi chini ya turubai.