Nijilipie A320 au nisubiri pangaboi la kampuni?

KijanaWaKisasa: Wakuu, leseni ya urubani wa biashara ninayo, ya injini mbili pia, saa za kuruka ndiyo chache. Mzee yuko tayari kuuza kiwanja cha Nzuguni nikasomee kurusha A320, ile jeti ya Airbus, nje. Au nisubiri kampuni ya ndege za pangaboi inayosomesha marubani yenyewe, nifungwe mkataba wa miaka?

PangaboiDom: Jua kwanza unachonunua. Unaanza darasani na mifumo: umeme, haidroliki, mafuta, hewa ya kabini. Halafu simuleta, mashine ya kuigiza kuruka. Kipindi saa nne hivi, mko wawili, mnapokezana kurusha na kusaidia. Humo kila siku kuna kitu kinakufa. Injini inazimika mmeshapita V1, ile kasi ambayo ukiivuka hukatishi tena kuruka. Pedali umeikanyaga mpaka paja linatetemeka, na cheklisti huigusi kwanza mpaka ndege ipande na kutulia. Wengi wanakwama hapo, darasani wanapita vizuri tu.

DadaWaAnga: Mdogo wangu, angalia nyumbani zinaruka ndege gani. Air Tanzania wana Q400 ya pangaboi, na jeti za A220, 737 MAX na 787. Precision wana ATR, pangaboi pia. A220 ni Airbus kwa jina, ila ukisomea A320 huruhusiwi kuigusa. Na pangaboi inakunoa: injini ikifa panga lisipojilaza kukata upepo, linakuwa breki ya upande mmoja.

MzeeIhumwa: Mimi si rubani, ila kiwanja cha Nzuguni kisiuzwe jamani.

KijanaWaKisasa: 😂 Shikamoo mzee. Nikifaulu simuleta ndo basi?

PangaboiDom: Wapi! Kwa saa zako, tegemea kuruka na kutua na ndege halisi, tupu. Kisha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, waiingize ndege hiyo kwenye leseni. Kisha njiani na kapteni mwalimu, abiria wakiwa nyuma, na hapo lazima kampuni iwe imekupokea. Ukikaa nyumbani muda unapita, unalipia simuleta upya kupimwa.

DadaWaAnga: Ukifika simuleta omba uwekewe kiwanja cha ndege kama cha Dodoma. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Saa nane mchana na jua hili, injini moja haikupandishi kama Dar.

KijanaWaKisasa: Nimeelewa, dada. Na mkataba, nikiondoka mapema nalipa gharama zote za mafunzo?

DadaWaAnga: Mingine deni linapungua kadiri unavyotumikia, mingine haipungui. Soma kifungu hicho kabla ya kusaini. Na uliza ukifeli simuleta, vipindi vya ziada analipa nani.