Mwindaji anawakatisha wenzake tamaa mezani. Nimpunguze nguvu? Naombeni ushauri

Mtunzi_Ilala: Wakuu, habari za jioni. Nimetunga mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wa karatasi na dadu, wa jamii ya Dungeons & Dragons, ila wangu ni wa misafara ya bara. Klasi, yaani aina za wahusika, ziko nne: Askari, Mganga, Manju na Mwindaji. Tumecheza vikao 12 na kila kikao nagawa karatasi ya maoni. Mwindaji amemaliza maadui 31 kati ya 48. Mwenye Manju kaandika "nakaa tu nangoja zamu". Usingizi sipati. Nimpunguze Mwindaji au niwaongeze wengine?

BabuTanga: Kijana, sisi tulicheza bao barazani na hakuna aliyepunguziwa kete kisa anashinda. Marehemu mjomba aliwafunga watu mpaka wakaacha kuja. Sasa nikikumbuka, baraza lenyewe lilikufa hivyo.

Nyuki_Mkali: Umehesabu nani kamaliza, hukuhesabu nani kaumiza. Askari akimpunguzia adui uhai 20, Mwindaji akamalizia 3 za mwisho, daftari lako linamsifu Mwindaji. Andika madhara yote, raundi kwa raundi. Halafu yanapita mapambano mangapi kabla wahusika hawajalala? Dawa za Mganga zinaisha, mishale haiishi. Pambano likiwa moja kwa siku Mganga anatamba, yakiwa matano ni zamu ya Mwindaji.

Mtunzi_Ilala: Matano, wakati mwingine sita. Safari lazima iwe ngumu, hapo sigusi.

Mama Zuu: Mwanangu, mchezo ni urafiki. Kaa nao uzungumze, makaratasi ya nini?

KeteSita: Makaratasi yana kazi yake, mama. Ranger, yaani mwindaji wa Dungeons & Dragons (D&D) ya 2014, alilalamikiwa sana. Watengenezaji wenyewe wakatoa wa majaribio 2016 na kuuliza wachezaji, 2020 wakaleta uwezo mbadala, 2024 wakamgusa tena. Miaka kumi, na wana wachezaji dunia nzima. Wewe una meza moja. Mwindaji anashikwa na nani?

Mtunzi_Ilala: Tunabadilishana meza kidogo.

KeteSita: Sijauliza meza, mkuu. Nani?

Mtunzi_Ilala: Mdogo wangu. Vikao vyote 12.

Nyuki_Mkali: Ungeanza na hilo! Hujampima Mwindaji, umempima dogo.

Mtunzi_Ilala: Lakini hata dadu zinasema. Mwindaji ana mishale miwili, kila mmoja dadu ya pande 10, wastani 5.5, ikipata yote ni 11. Upanga wa Askari ni dadu moja ya pande 12, wastani 6.5, na lazima asogee karibu apigwe. Ndiyo maana nimeshaishusha mishale hadi pande 6. Karatasi za wahusika ziko steshenari, nimelipia nakala 40.

Nyuki_Mkali: Kwa hiyo ushauri unauomba wa nini? Na kwa nini umeruka pande 8? Wastani ungekuwa 9.

Msema_Kweli: Wakuu, hii ni chai. Vikao 12, tuseme mapambano matano kila kikao, hayo ni 60. Maadui 48 tu? Mapambano mengine walipigana na upepo?

Mama Zuu: Nami nilishangaa, vikao vyote hivyo kazi anafanya saa ngapi?

Mtunzi_Ilala: Matano ni kwa siku ya ndani ya hadithi, siyo kwa kikao. Siku moja ya msafara inatuchukua vikao vitatu. Kazini natoka saa kumi, tunacheza Jumamosi.

KeteSita: Siku nne basi, mapambano ishirini na kitu, maadui wawili wawili. Inakaa. Mkuu, badilisheni karatasi za wahusika vikao vitatu, na mishale ile ile ya pande 10, ndipo ushike kalamu.

Mtunzi_Ilala: Nimempigia wa steshenari. Kashachapa 15, zilizobaki kasimamisha. Jumamosi Mwindaji anashikwa na yule aliyekuwa anangoja zamu, dogo anachukua Manju.

BabuTanga: Dogo kakubali?

Mtunzi_Ilala: Kanuna. Ila ameomba kanuni za Manju akazisome usiku huu.