Mjadala: Je, programu ya bure ya kudhibiti simu ya mtoto isome na ujumbe wake?

Mwanzisha mada (mzazi, Barani, Malindi)

Katika kikao cha wazazi wa shule moja hapa Malindi lilitolewa pendekezo kwamba sote tuchague programu moja ya bure ya kudhibiti muda wa watoto kwenye simu, na kwamba, maadamu tunachagua, tuchague ile inayotuonyesha pia watoto wanaandikiana nini na nani. Nusu ya kwanza naiunga mkono. Ya pili naipinga, nami naileta hapa ijadiliwe na watu wengi zaidi kuliko waliohudhuria.

Kuhusu muda hapana mengi ya kubishania. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asipite saa moja kwa siku. Kwa wakubwa kila nyumba ina hesabu yake: kuna shule, kuna chuo cha Kurani alasiri, kuna usingizi. Kazi hiyo ya kupima saa hufanywa vizuri na programu zisizodai makubwa. Family Link ya Google, iliyoanza mwaka 2017, humwezesha mzazi kuweka kikomo cha siku, kuifunga simu wakati wa kulala, na kukubali au kukataa programu mpya kabla haijaingia. Mzazi aweza kuitumia kwenye Android au iPhone, ila simu ya mtoto yenyewe sharti iwe ya Android. Hata bando likiisha, simu iliyofungwa hufunguliwa kwa namba ya siri inayotokea kwenye simu ya mzazi, jambo ambalo wakazi wa sehemu zenye mtandao hafifu watalithamini. Wenye iPhone wamewekewa Screen Time ndani ya simu tangu mwaka 2018. Zote mbili ni za bure, na hakuna hata moja inayomsomea mzazi ujumbe wa mtoto.

Programu inayoahidi kusoma ujumbe ni habari nyingine kabisa. Ili ione mazungumzo ya WhatsApp kwenye simu ya Android, kwa kawaida huomba ruhusa ya ufikivu, ambayo ilibuniwa ili kuwasaidia watu wenye ulemavu, na ambayo huiwezesha kuona karibu kila kinachopita kwenye skrini. Nyumba nyingi za hapa kwetu mtoto hana simu yake. Hupewa ya mama. Basi itakayosomwa ni simu ya mama: ujumbe wa M-PESA, mazungumzo yake na dada zake, na namba za uthibitisho zinazotumwa na benki. Na vikishasomwa vinahifadhiwa wapi? Mwaka 2018 iligundulika kwamba TeenSafe ya Marekani, iliyotengenezewa wazazi kwa kazi hii hii, ilikuwa imeacha wazi seva yenye anwani za barua pepe za wazazi na nywila za akaunti za Apple za watoto, zikisomeka kama zilivyo. Hao walikuwa wakilipisha. Life360, ambayo familia huweza kuitumia bure kujua aliko kila mmoja, iliripotiwa mwaka 2021 kuwa ikiwauzia madalali wa data taarifa za mahali walipo watumiaji wake, na mwaka uliofuata ikatangaza kwamba ingeacha kuuza zile zinazoonyesha mahali hasa. Anayegawa bure ana pake pa kupatia, na ni haki yetu kupauliza kabla ya kubonyeza chochote.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto huyo. Kile kitufe cha “Nakubali” ambacho wengi tunakipita bila kusoma ndiyo idhini yenyewe. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: tuchague programu kwa kutazama inaomba ruhusa gani, wala si kwa wingi wa mambo inayoahidi, na inayoomba kusoma ujumbe isiingie katika orodha.

Mama wa watoto watatu, Muyeye

Kaka, nimekusoma kwa makini na sina ugomvi na uliyosema kuhusu seva. Lakini umejibu swali la muda, na muda sio unaonikosesha usingizi.

Mji wetu ni mji wa wageni. Ripoti ya UNICEF na serikali ya mwaka 2006 kuhusu watoto wanaotumiwa vibaya katika utalii wa Pwani iliitaja Malindi kwa jina, na siku hizo mtu alilazimika walau kumkuta msichana ufukweni au njiani, ambako jirani angeweza kumwona. Leo anaanza kwa kuisifu picha yake. Mwenye nia mbaya hahitaji saa tatu. Dakika kumi zinamtosha, hata zikiwa ndani ya kikomo nilichoweka mwenyewe. Binti yangu ana miaka kumi na minne na ana simu yake, kwa hiyo hoja ya M-PESA ya mama hainihusu. Simu nimenunua mimi na bando nanunua mimi. Mama akikagua mkoba wa bintiye huitwa mlezi. Akikagua simu yake mbona aitwe mpelelezi?

Fundi wa simu, mjini

Mimi nina moja tu. Programu nyingi za kusoma ujumbe ninazoziona mezani pangu hazikutoka Play Store. Zilikuja kwa kiungo kilichotumwa WhatsApp. Ikiwa programu inakuomba uzime Play Protect, ule ulinzi wa Google unaokagua programu zenye madhara, kabla ya kuiweka, iache, hata kama imesifiwa na shangazi. Na kwa simu ya mama inayochezewa na mtoto mdogo, YouTube Kids ina kipima muda chake, na Android ina njia ya kuibandika programu moja kwenye skrini mtoto asitoke humo. Hayo hayahitaji kupakua kitu cha kupeleleza.

Mwanzisha mada

Dada wa Muyeye, hatari unayoitaja naikubali. Ninachokataa ni dawa yake. Kusoma ujumbe kunakuja baada ya mgeni kuandika. Afadhali azuiwe kabla. Tangu mwaka 2020 TikTok haiwaruhusu walio chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha, na tangu mwaka 2024 Instagram imeanzisha akaunti za vijana ambazo huwa za faragha zenyewe na hupokea ujumbe kutoka kwa wale tu ambao kijana mwenyewe anawafuata au ameshaunganishwa nao. Kinga hizo zote hutegemea umri ulioandikwa. Watoto wetu hufungua akaunti kwa mwaka wa kuzaliwa wa kaka zao, na hapo ulinzi wote huondoka bila mtu kuvunja kitu. Kabla ya kutafuta programu ya kusoma, tuifungue akaunti mbele ya mtoto, tuitazame tarehe hiyo na kuisahihisha.

Mama wa watoto watatu, Muyeye

Tarehe nitaitazama leo, na nakushukuru. Ila aliyekwisha kupata namba ya binti yangu hazuiwi na umri ulioandikwa TikTok. Huyo anaingia moja kwa moja WhatsApp. Kwa hiyo nitakapofika kikaoni nitaomba pendekezo ligawanywe mara mbili na kila sehemu ipigiwe kura peke yake: kikomo cha muda kwa watoto wote kwa Family Link au Screen Time, na ujumbe usomwe na mzazi mwenyewe kwa macho yake, simu ikiwa mkononi, mtoto akijua, bila programu ya mtu yeyote katikati. Wewe kaka utapiga kura gani kwa hiyo ya pili?