Mjadala: Seksheni ya watu watano ipigwe marufuku kwenye mashindano yetu?

Wadau, hoja iliyoletwa kwenye klabu ni hii: katika mashindano ya Bolt Action, mchezo wa mezani wa sanamu ndogo za askari wa Vita Kuu ya Pili, ambayo bado tunayachezea kanuni za toleo la pili la 2016, seksheni (kikosi kidogo) ya askari wa miguu isipungue watu 8. Mimi naiunga mkono.

Wanaopinga wana hesabu nzito, nisiwapunje. Kila kikosi kinaingiza dadu moja ya amri mfukoni, na kila dadu inayochomolewa ni zamu ya kikosi kimoja kutenda. Askari wa kawaida ni pointi 10, kwa hiyo kwa pointi 100 unapata kikosi cha kumi na dadu moja, au vikosi viwili vya watano na dadu mbili. Tena risasi moja tu ikipata, kikosi kizima kinakula pini (alama ya kubanwa na risasi, inayopunguza ari), kiwe cha watano au cha kumi. Na rashasha nyepesi je? Ni pointi 20, inarusha risasi nne, na msaidizi wake hafyatui. Ukitoa bunduki mbili ulizopoteza, umenunua risasi mbili tu za ziada, wakati kwa bei ileile ungeongeza watu wawili na bunduki zao. Ndiyo maana meza zetu zimejaa vikundi vya watano visivyo na rashasha hata moja.

Lakini hesabu hiyo imesahau umbali. Bunduki inafika inchi 24, rashasha 36, na adhabu inaanza ukivuka nusu ya masafa. Kati ya inchi 12 na 18, bunduki inataka dadu ya 4 kwenda juu ili ipate. Rashasha bado inapiga kwa 3. Michezo mingi ninayocheza inaamuliwa hapo hapo.

Jumamosi iliyopita mpinzani wangu alivusha watano barabarani, inchi 16 kutoka kwenye ua walipojificha keya wangu kumi (askari wa King's African Rifles). Nikarusha dadu 12: nne za Bren, rashasha nyepesi ya Waingereza, na nane za bunduki. Saba zikapata, watatu wakafa. Kwa kikosi cha kumi hiyo ni pini moja na maisha yanaendelea. Kwa watano, zaidi ya nusu wameondoka kwa mkupuo mmoja, lazima wapimwe moyo, yaani jumla ya dadu mbili isizidi ari yao: 9, toa pini moja, 8. Akarusha 10. Kikosi kizima kikaondoka mezani, na dadu yake nayo ikaenda.

Mimi napaka rangi keya wa Burma, wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walioshuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika na kuvuka Chindwin pale Kalewa. Seksheni ya mfumo wa Kiingereza ilijengwa kuizunguka Bren: watatu na bunduki hiyo, waliobaki wanabeba magazini zake na kusogea wakati inafyatua. Wa Bren wanambana adui, wenzao wanazunguka ubavuni. Ukiondoa Bren na kuikata seksheni vipande viwili, unachosukuma mezani ni dadu zenye miguu, na babu zetu waliotembea kwenye lile tope hawapo tena.

Kuna hoja moja iliyonigusa: kijana anayeanza hawezi kupaka sanamu 40 kabla ya mchezo wake wa kwanza. Kweli kabisa. Kwa hiyo napendekeza kila jeshi liruhusiwe kikosi kimoja cha watano, kiwe doria, na mgeni asamehewe kabisa mashindano yake mawili ya mwanzo.

Wa upande wa watano, nijibuni hili: kikosi chenu kimeshapigwa pini mbili, kimebaki na watu wawili, na lengo liko inchi 20 mbele. Mnatuma nani?