Uzi wa kumlaani yule "mtaalamu wa muvi" wetu: kaniharibia kwa mama mkwe

#1 (mleta uzi)
Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Nimejifungia chumbani. Mama mkwe yuko sebuleni.

Simtaji jina. Wote mnamjua. Ni yule ambaye mtu akiuliza humu muvi ya kuangalia, yeye ndiye wa kwanza kujibu, na anajibu kama vile alishika kamera mwenyewe. Juzi niliuliza, tena nikaandika wazi: nina mgeni wa heshima, nataka kichekesho kisicho na mambo. Akanijibu: "Superbad mkuu, ile ya 2007. Vijana wa shule na utani wao. Mtacheka mpaka mbavu ziume."

Utani wao!

Tumekaa, mimi, mke wangu na mama. Mwanzoni poa tu. Vijana wanapiga soga za shule, wanasukumana, matusi yapo ila Kiingereza chao kinakimbia kama kinafukuzwa, mama hakuambulia kitu. Anatabasamu. Kisha yule kijana mnene akaanza kumsimulia mwenzake kwamba utotoni alikuwa na ugonjwa wa kuchora. Hawezi kujizuia, anachora mchana kutwa, anaficha kwenye kikopo cha chakula cha shule. Hapo mama akatoa miwani. Akaifuta taratibu kwa ncha ya blauzi, jicho moja kisha la pili, akaivaa, akasogea mbele ya kochi.

"Mwanangu, huyo mtoto anachora nini?"

Nikashika rimoti. Nimebonyeza mara elfu tatu. Ilipokubali haikuzima, ilisimamisha! Mchoro mmoja ukaganda pale, umejaa inchi 55 zote. Mke wangu akaangalia dari. Hata friji iliacha kuunguruma.

"Mwanangu. Anachora nini?"

Wewe uliyenipendekezea, najua unasoma. Njoo umjibu mama.

#2
Nimecheka mpaka bosi kanyanyua kichwa. Mkuu, ulimjibu nini sasa?

#3 (mleta uzi)
Nilimwambia ni roketi.
Akasema, "Roketi nimeziona."

#4
"Roketi nimeziona" 😂😂😂 Huyu mama apewe uzi wake.

#5
Mleta uzi kosa ni lako. Marekani ile muvi ina alama ya R. Maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mlezi. Wewe uliingia na mzazi kabisa, sheria umeitimiza, unalia nini?

#6 (mleta uzi)
Mimi sizungumzii sheria. Nazungumzia mtu anayeandika "utani wa vijana" wakati anajua kabisa ile michoro iko pale inasubiri! Angesema neno moja tu. "Michoro." Ningeelewa. Mama amevaa MIWANI, wakuu. Ameifuta kwanza.

#7
Kwani ulitegemea nini? Hizi muvi za vijana wa shule zote ni zilezile. Kuna sherehe, kuna pombe wasioruhusiwa kununua, kuna mmoja mwoga, kuna mmoja mropokaji. Hii angalau ina yule dogo wa kitambulisho feki. Umri kaandika 25, jina moja tu, McLovin, mkazi wa Hawaii. Mpaka leo nikikumbuka rafiki zake wanavyomgombeza kwa hilo jina nacheka peke yangu.

#8
Niongezee kwa wasiojua. Seth Rogen na Evan Goldberg walianza kuiandika wakiwa na miaka 13, ndiyo maana wahusika wakuu ni Seth na Evan. Na ile michoro ilichorwa na David, ndugu yake Goldberg. Mkuu usizime kabla ya majina ya mwisho, michoro inarudi, tena mingi zaidi ya mwanzo.

#9 (mleta uzi)
INARUDI?
Wakuu, nilipokuwa nakimbilia chumbani niliisikia imeganduka yenyewe. Inaendelea. Mama anaangalia!

#10
Kachomoe waya ukutani.

#11
Usichomoe. Mama mtu mzima, anajua alichokiona toka mwanzo. Anakupima tu wewe utasema nini. Na wewe ukasema roketi.

#12
Huyo jamaa mimi pia aliniponza. Nilimwomba ya kusogeza muda kwenye basi, akaniambia "ina huzuni kidogo". Kidogo! Nililia mpaka abiria wa kiti cha jirani akanishika bega akaniuliza nani kafariki.

#13
Afadhali nyie ni muvi. Mimi ninao hao vijana wenyewe, rafiki zangu wa shule, tuna miaka thelathini na kitu sasa na hawajakua. Wiki iliyopita wamenibadilishia lugha ya simu ikawa Kichina, asubuhi nina usaili, napigiwa, sijui pa kupokelea ni wapi. Nikakata. Walikuwa wamejificha nyuma ya gari wanarekodi.

#14
#13 wako wana huruma. Wangu walinifunga kamba za viatu pamoja nikiwa nimesinzia kwenye mahafali. Jina likaitwa, nikasimama. Hatua ya kwanza tu, sina la kueleza zaidi.

#15 (mleta uzi)
Wadau turudi kwenye mada. Mke wangu kaja kugonga mlango. Anasema mama anacheka. Sijui anacheka nini. Nauliza, nitoke?

#16
Mimi nina swali la kiufundi. Rimoti mara elfu tatu haikubali, betri ni za lini?

#17
Swali zuri. Kwangu betri za rimoti huwa zinahamia kwenye saa ya ukutani, na hakuna anayekiri.

#18
Kwangu zinahamia kwenye midoli. Nimenunua nne Jumatatu, leo rimoti ina moja, tena imewekwa kinyumenyume.

#19
Zing'ate kidogo zinarudisha nguvu.

#20
Acheni kung'ata betri jamani, zinavuja. Zitoe, zisugue kiganjani, uzibadilishane nafasi. Unapata wiki moja.

#21 (mleta uzi)
Nimetoka. Imefika kwenye majina ya mwisho.

#22
#20 wiki moja ni kwa zile kubwa au hata hizi nyembamba?